Breki ya Mguu wa Kushoto

Mkaguzi wa magari aliipanda Buleti, pikipiki ya zamani ya Harnek Singh, mbele ya watu wote, akaizungusha uwanjani taratibu, na alipolikaribia benchi la muuza chai akakanyaga kwa nguvu mguu wa kulia ili isimame. Haikusimama. Ilinguruma, ikaruka mbele kama nyati aliyechomwa na nyigu, ikalipanda benchi, vikombe huku na huku, na mkaguzi mwenyewe akashukia makalio ndani ya beseni la kuoshea vyombo.

Watu wakacheka. Na mimi nasema kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, lakini utawalaumu vipi? Walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri kwenye ukungu wa Januari, ule ukungu wetu wa Punjabi ambao mtu hauoni mkono wake, wamejifunika mablanketi, makarani wamewanunia, vishoka wamewasumbua, halafu wanamwona mkubwa amekaa kwenye maji ya majani ya chai. Hata ungekuwa wewe ungecheka. Harnek peke yake hakucheka. Alikimbia kumwinua, akampangusa koti kwa shuka lake, akamwambia kwa adabu yake yote, "Samahani, sahab. Breki yake iko kushoto. Kulia ni gia."

Mkaguzi huyo anaitwa Sabharwal, kijana wa mjini, miwani ya jua ameipandisha kichwani hata siku ambayo jua lenyewe halikuja kazini. Akamtazama Harnek kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Sardarji, breki ya pikipiki inakaa kulia. Nchi nzima inakaa kulia. Ya kwako ndiyo imeota kushoto?"

Harnek akamweleza kwamba si yake tu, Buleti zote za zamani ndivyo zilivyozaliwa, gia kulia na breki kushoto, na kila mzee wa rika lake alijifunzia hivyo. Akamwomba apande tena, safari hii akanyage kushoto, aone. Akasema kama sahab amechoka basi ataendesha yeye mwenyewe, sahab aweke jiwe chini popote anapotaka, na tairi la mbele lisipokomea hapo hapo kwenye jiwe, aichukue pikipiki ni yake. Ombi la haki kabisa. Lakini suruali ya mkaguzi ilikuwa inachuruzika, na nyuma kule kulikuwa na mtu bado anacheka, mmoja wa wale watu ambao kicheko kikiwashika hakiwaachi. Sabharwal akaandika: breki hazishiki, chombo hakifai barabarani. Akagonga muhuri, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Harnek aliisukuma Buleti mpaka nje ya geti. Pale nje akaiwasha, akaiendesha nyumbani, na njia nzima ilisimama kila alipoiambia isimame.

*

Harnek ni muuza maziwa. Hapa kijijini kwetu kila nyumba ina nyati wawili watatu wa maziwa, na asubuhi sana yeye ndiye anayepita kukusanya. Anafunga madebe makubwa mawili kila upande wa Buleti, anayapeleka mjini kwa watengeneza vitamu na kwa nyumba za watu, anarudi saa ya chai. Maziwa ya nyati hayasubiri mtu. Na baiskeli haiwezi mzigo ule, na basi halimchukui mtu mwenye madebe manne yanayotapika kila tuta. Sasa usajili wa pikipiki ulikuwa umeisha, na bila mkaguzi kusema chombo ni kizima hauandikwi upya, na askari wa njia kuu walikuwa wameshaanza kuzikamata pikipiki za zamani na kuzitupa nyuma ya kituo kama mifupa. Mtoto wao Jagsir anaendesha lori huko Assam, akipata anatuma, asipopata anapiga simu. Kwa hiyo nyumba ile, Harnek, mkewe Bachint Kaur, mkwe wao Rajvant na mtoto wake mchanga, ilikuwa imekaa juu ya Buleti ile na siti yake iliyopasuka.

Bachint Kaur alimsikiliza mumewe mpaka mwisho huku anapiga mikate ya chapati kiganjani. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo hakuna ofisi iliyolijibu.

"Kwa hiyo asiyejua kuendesha ni yeye, na anayefeli ni pikipiki?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Rudi ukamwambie."

"Nimemwambia, Bachint. Nimemwambia mpaka nimejisikia mimi ndiye mwongo."

Alirudi hata hivyo. Alirudi na Buleti imeoshwa inang'aa, akakaa kwenye foleni, na zamu yake ilipofika Sabharwal hakuinua uso. Akasema chombo kilishakaguliwa, majibu yalishatoka, apishe wengine. Nyuma yake kijana mmoja alipitisha pikipiki mpya ambayo taa ya nyuma ilikuwa inaning'inia kwa waya. Ikapita. Harnek aliuona ule waya kwa macho yake, akataka kusema, lakini akaisukuma Buleti yake kuelekea getini, maana si tabia yake kumharibia mtu riziki.

Pale getini kishoka mmoja akamwonea huruma, au alijifanya kuona. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sahab hawezi kukifuta alichokiandika, watu wengi walimwona ndani ya beseni, akikifuta atakuwa amekubali kwamba kosa lilikuwa lake. Badilisha pikipiki, mzee. Ihamishie breki kulia kama za watu wengine. Fundi anapitisha fimbo ya chuma chini ya tumbo, gia zinakuja kushoto, breki inakwenda kulia. Ukija nayo hivyo atakugongea muhuri bila hata kuinuka kwenye kiti.

Ndiyo maana nasema mimi nina hasira. Heshima ya mtu mmoja ililowa maji, na ili heshima hiyo ikauke ilibidi pikipiki ya mtu mwingine ipasuliwe tumbo.

*

Fundi wetu ni Bikkar, mtu mfupi, mkali, anayeongea na injini vizuri kuliko na wateja. Alipoambiwa kinachotakiwa alikataa. Akasema kwanza breki yenyewe italegea, maana sasa nguvu ya mguu itatembea kwenye fimbo kutoka upande huu mpaka upande ule kabla haijafika kwenye gurudumu, na kila kiungo kinakula chake njiani. Halafu akapangusa mikono na kusema jambo la pili.

"Taya, pikipiki naweza kukugeuzia leo hii hii. Mguu wako nani atakugeuzia?"

Taya huku kwetu ndiyo baba mkubwa. Harnek akacheka, akasema mguu ni wake mwenyewe, haujawahi kumgomea. Bikkar akamwambia wewe cheka. Lakini akafanya kazi. Angefanya nini? Maziwa yalikuwa yanaganda majumbani mwetu, wengine tumeanza kumwaga, wengine tumeanza kumpa mtu wa gari dogo anayepima kwa kipimo chake mwenyewe. Nakiri hata nyumbani kwangu walishampa huyo mtu wa gari.

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa kupuria ngano. Bachint Kaur alimfunga mumewe kitambaa chekundu kwenye kiatu cha kulia, eti aone breki iko wapi. Akakaa pembeni kwenye kitanda cha kamba, anasaga haradali yake, na kila Harnek akikata kona anamwita, kulia, kulia mzee wewe, siyo huko, huko ni gia. Sisi wengine tulijaa ukutani kutazama. Mmoja akasema Harnek anafundishwa kutembea. Mwingine akamuuliza na kula atakula kwa mkono gani. Mkwe wao Rajvant alikuwa anacheka mpaka anajificha uso kwa ushungi. Siku za mwanzo Harnek alisimamia kwenye rundo la majani makavu mara nyingi kuliko alivyosimama penyewe. Baadaye akaweza. Akawa anakwenda, anasimama, anakwenda, anasimama, mguu wa kulia, mguu wa kulia, na sisi tukachoka kumcheka tukarudi kwenye kazi zetu.

Aliweza, lakini aliweza kwa kufikiri. Hilo hatukuliona.

Aliporudi uwanjani, Sabharwal alikuwa anakunywa chai. Hakupanda safari hii. Alitazama kutoka pale pale alipo, akaiona fimbo mpya imetokeza kulia, akatabasamu kama mtu aliyeombwa msamaha.

"Umeona sasa, sardarji? Kumbe inawezekana."

Akagonga muhuri. Hakuigusa breki, hakuuliza inashika au haishiki. Ile iliyokuwa inasimama kwenye jiwe aliikataa, hii iliyokuwa inasitasita ndiyo ikapewa karatasi kwamba ni nzima.

*

Wiki za kwanza zilikwenda salama, na Harnek akaanza kuimba tena barabarani, jambo ambalo wateja wake hawakulipenda lakini walilizoea. Halafu ikaja asubuhi ile ya ukungu, kwenye kona ya kiwanda cha kusaga miwa. Trekta ya mwenye shamba mmoja ilitoka kichochoroni na tela limejaa miwa, halina taa nyuma, halina hata kitambaa. Nyuma ya tela alikuwa anatembea kibarua mmoja wa kutoka Bihar, Dev Lal, mtu mpole, kazi yake ni kuokota miwa inayodondoka.

Harnek aliwaona walipokuwa karibu sana. Na hapo ndipo mguu wake ulipofanya kile ulichokuwa umekifanya tangu akiwa kijana asiye na ndevu. Ulikanyaga breki. Ulikanyaga kwa nguvu zote, bila kuuliza, kule kule breki ilikokaa maisha yake yote, kushoto. Na kushoto sasa palikuwa na gia. Buleti ikanguruma, ikaruka mbele kama ilivyoruka siku ya beseni, ikampiga Dev Lal mkono, ikaingia kwenye tela.

Tulipofika maziwa yalikuwa yameenea barabarani mpaka kwenye mtaro, na mbwa walikuwa wameshakuja. Harnek alikuwa chini ya madebe, mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili, na bado alikuwa anausukuma mbele. Nilimwambia uache, ndugu yangu, imeshasimama. Alinitazama kama hanielewi. Akaniuliza yule mtu yuko hai? Nikamwambia yuko hai, ni mkono tu. Hapo ndipo mguu ukalegea.

*

Kwa kuwa mtu ameumia, polisi wakaandika kesi, na kesi ikahitaji mkaguzi wa kusema pikipiki ilikuwa na hali gani. Sasa nadhani umeshajua ni nani aliyetumwa.

Sabharwal alikuja kwenye ua wa kituo cha polisi akiwa na kalamu. Buleti ilikuwa imeegemezwa ukutani, uma wa mbele umepinda. Akabonyeza fimbo ya kulia kwa mkono, akamwambia askari azungushe gurudumu la nyuma, gurudumu likakwama. Akabonyeza tena. Likakwama. Akaandika kwamba breki inashika, chombo kilikaguliwa karibuni na kuonekana kizima, na ajali imesababishwa na dereva kukanyaga gia badala ya breki kwa sababu ya uzee. Hakukuwa na uongo mkubwa hapo, ukilitazama neno moja moja. Ndiyo ubaya wake.

Mwandishi wa kituo, mzee mwenye kikohozi, akamwita Bachint Kaur kwa niaba ya mumewe aliyelala hospitali. Akamweleza vizuri tu, hakuwa mtu mbaya. Aweke dole gumba hapo chini kwamba wanakubali ni kosa la dereva. Leseni itachukuliwa moja kwa moja, mzee asipande tena chombo, lakini pikipiki wanaichukua leo leo, wataitengeneza, Jagsir akirudi ataendesha yeye, maziwa yataendelea. Wasipoweka dole, Buleti ni kidhibiti, inabaki uani mpaka kesi iishe. Na kesi, Bibi, unazijua.

Rajvant alikuwa amesimama na mtoto begani. Akamnong'oneza mama mkwe wake kwamba waweke tu dole. Bapu, yule baba mkwe wake, amepona kufa, hilo si dogo, karatasi ni karatasi. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa Rajvant. Nilikuwa nafikiria maziwa yangu.

Bachint Kaur akamwomba mwandishi amsomee tena. Akasomewa. Akamgeukia Sabharwal aliyekuwa anafunga kalamu.

"Hapo umeandika mume wangu alikanyaga gia."

"Ndiyo, Bibi. Alikanyaga gia."

"Hapana. Alikanyaga breki. Wewe ndiye uliyeitoa pale. Andika hivyo."

Sabharwal akasema hakuitoa yeye, aliitoa fundi. Bachint Kaur akamuuliza fundi aliitoa kwa nini. Akasema yeye hakumlazimisha mtu. Bachint akamuuliza basi kwa nini ilipokuwa kushoto uliikataa, na ilipokuja kulia uliikubali bila kuigusa. Halafu Sabharwal akasema, kwa upole kabisa, upole wa mtu anayetaka kwenda kula, kwamba kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika maneno hayo. Kuna mahali pa breki, inashika au haishiki. Basi.

Wakati huo Dev Lal alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono umening'inizwa na kitambaa shingoni, anasubiri kuulizwa. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza kitu. Akasimama mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyegongwa," akasema. "Niliuona mguu wake. Mzee alikuwa anakanyaga mpaka meno yametoka nje. Mtu ambaye hataki kusimama hakanyagi vile."

Mwandishi akamwambia akae, zamu yake bado. Sabharwal akamuuliza yeye ni fundi wa pikipiki? Dev Lal akasema hapana, yeye anaokota miwa. Basi, akasema Sabharwal. Askari mmoja akacheka, na nilitamani kumwambia mkaguzi kwamba hicho ndicho kicheko alichotakiwa kukiogopa, siyo kile cha siku ya beseni.

Bachint Kaur alikuwa bado ameshikilia kidole hewani, kimeshapakwa wino. Rajvant akamwita, Mama. Mimi nikamwita kwa jina lake. Akakitazama kidole, akakipangusa kwenye shali yake, shali nzuri ya harusi ya Jagsir, mpaka wino ukaisha.

"Ibaki hapo," akasema.

*

Imebaki. Nyasi zimeshapanda mpaka kwenye spoku na kuku wa polisi wanataga kwenye siti. Harnek yuko nyumbani, mguu uko ndani ya plasta, na Rajvant amenunua baiskeli iliyokwisha tumika, anabeba madebe mawili madogo, maziwa ya nyumba chache tu zilizo karibu. Nyumba nyingine zote zimekwenda kwa mtu wa gari. Yangu imerudi kwa Rajvant. Jagsir amepiga simu kutoka Assam akamgombeza mama yake, akamwambia ametupa pikipiki kwa ajili ya sentensi moja. Mama yake akamwambia ndiyo, ni moja tu, na hao wana kalamu nyingi.

Harnek mwenyewe hakumlaumu. Kuna siku nilimkuta anaota jua, nikamuuliza kama anakasirika. Akasema alipokuwa hospitali alikuwa ameshaanza kuamini kwamba amezeeka akachanganyikiwa, kwamba angeua mtu kwa upumbavu wake. Alikuwa hapati usingizi. Bachint alipokuja na kumwambia amekataa kuweka dole, na kwa nini, alilala mpaka asubuhi.

Kila Jumanne, ambayo ndiyo siku ya ukaguzi, Bachint Kaur anapanda basi la kwanza kwenda mjini. Hapigi kelele, hamtukani mtu. Muuza chai amemtengea mahali kwenye benchi jipya na hamlipishi. Sabharwal akitoka, Bachint anamsalimia, anamuuliza watoto hawajambo, halafu anamuuliza kama ameshaiandika ile sentensi. Sabharwal anamwambia Bibi, nimekueleza, hakuna mahali pa kuiandika. Bachint anasema haya, basi nitakuja Jumanne. Watu wa foleni wameshamjua. Wengine wanamuuliza habari yake, anawaeleza tangu mwanzo, na wale wenye Buleti za zamani wanasikiliza kisha wanageuza, wanarudi nazo makwao kama zilivyo.

Siku hizi mkaguzi akimaliza kazi Jumanne anatokea mlango wa nyuma, karibu na vyoo. Bachint Kaur amehamia mlango wa nyuma.